Korongo wa Guynemer: vikosi vya ndege za kivita vya Ufaransa na majina wanayoyabeba

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Tazameni picha hii ukutani. Ni ndege ya kivita ya Mirage 2000-5 ya kituo cha Luxeuil, mashariki mwa Ufaransa. Kwenye mkia amechorwa korongo anayeruka. Korongo huyo alianza kuchorwa mwaka 1916, kwenye ndege ya Nieuport ya mbao na kitambaa. Aina za ndege zimekuja na kwenda, marubani kadhaa wamekufa chini ya nembo hiyo, naye bado yupo. Tukizungumzia ndege za kivita, mara nyingi tunaishia kwenye mashine: kasi, rada, makombora. Leo nataka tuzungumze juu ya kikosi, na jinsi Wafaransa walivyokataa kuacha majina ya vikosi vyao yafe.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, ndege ilikuwa jicho la jeshi. Ilipanda, ikaangalia mahandaki ya adui, ikarudi na habari. Mwezi wa Aprili 1915 rubani Mfaransa Roland Garros akaweka vyuma kwenye panga za rafadha ya ndege yake ya Morane-Saulnier ili afyatue bunduki ya rasharasha moja kwa moja mbele, na risasi zinazogonga panga ziteleze pembeni. Aliangusha ndege kadhaa za Wajerumani kabla ya yeye mwenyewe kukamatwa mwezi huo huo. Kuanzia hapo rubani alilenga kwa kuielekeza ndege nzima.

Lakini ndege moja moja haikutosha. Februari 1916, huko Verdun, Wajerumani walitawala anga kiasi kwamba mizinga ya Wafaransa ilikuwa ikipiga bila kuona. Jenerali Pétain akampa meja mmoja, Charles de Tricornot de Rose, kazi ya kusafisha anga. De Rose aliwakusanya marubani bora kutoka vikosi mbalimbali, akawapa kazi moja tu: kuwinda. Hawakupiga picha wala kubeba mabomu. Kwangu mimi, vikosi vya ndege za kivita kama tunavyovijua leo vilizaliwa pale. De Rose hakuishi kuona matunda yake. Alikufa kwa ajali ya ndege Mei mwaka huo huo.

Vikosi hivyo viliitwa kwa herufi za kiwanda cha ndege pamoja na namba. N 3, yenye ile nembo ya korongo, ilirukia Nieuport. Ilipopata ndege za SPAD ikawa SPA 3. Humo ndimo alimokuwa Georges Guynemer, kijana dhaifu wa mwili ambaye jeshi lilimkataa zaidi ya mara moja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kama fundi mwanafunzi, kisha akawa rubani. Aliangusha ndege 53. Tarehe 11 Septemba 1917 aliruka kuelekea Poelkapelle, Ubelgiji, hakurudi, na mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 22. Watoto wa shule Ufaransa waliambiwa kwamba alipanda juu mno hata akashindwa kushuka. Hadi leo, kila tarehe 11 Septemba, vituo vya jeshi la anga husimama gwaride na taarifa ya sifa zake husomwa kwa sauti.

Kikosi cha N 124 kiliundwa Aprili 1916 kwa Wamarekani waliojitolea kabla nchi yao haijaingia vitani, kikajulikana kama Lafayette. Nembo yake ikawa kichwa cha Mhindi Mwekundu wa kabila la Sioux. Nje ya kikosi hicho, lakini katika mkondo huo huo wa kujitolea, alikuwepo Eugene Bullard, mtu mweusi kutoka Columbus, Georgia. Alipigana kwanza ardhini, akajeruhiwa Verdun, kisha mwaka 1917 akarukia N 93 na SPA 85. Marekani ilipoingia vitani na kuwachukua marubani wake waliokuwa Ufaransa, yeye ilikataa kumpokea kwa sababu ya rangi yake. Uzeeni alikuwa mwendesha lifti jijini New York, huku Ufaransa ikimvisha nishani ya Légion d'honneur mwaka 1959. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1994, miaka 33 baada ya kifo chake. Naomba vijana mlishike jina hilo.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1940 Ufaransa ilianguka. Waliokataa kusalimu amri walimfuata de Gaulle, na vikosi vyao wakavipa majina ya majimbo ya nyumbani yaliyokuwa mikononi mwa Wajerumani: Alsace, Île-de-France, Normandie. Normandie iliundwa Rayak, Lebanon, Septemba 1942, na mwishoni mwa mwaka ikawa Ivanovo, ndani ya baridi ya Urusi, ikijifunza kurusha ndege za Yak. Kamanda wao Jean Tulasne alipotea Julai 1943 katika mapigano ya Kursk. Wakaletwa marubani wengine, nao wengi wakaanguka. Hadi vita vinakwisha marubani 42 walikuwa wamekufa, na ndege za adui 273 zilihesabiwa kwa jina la kikosi. Kwa mapigano ya mto Niemen mwaka 1944, Stalin aliwaongezea jina la mto huo.

Tarehe 15 Julai 1944 kikosi kilikuwa kinahamia uwanja mwingine. Maurice de Seynes aliruka akiwa amembeba nyuma fundi wake Mrusi, Vladimir Belozub. Mafuta yakaanza kuvuja, moshi wake ukamziba macho. Kutoka chini wakamwamuru aruke nje ya ndege. Yeye alikuwa na parachuti. Belozub hakuwa nayo. De Seynes alibaki, akajaribu kutua, akajaribu tena, na ndege ikaanguka na wote wawili. Mmoja alitoka ukoo wa makabaila wa Ufaransa, mwingine alikuwa fundi wa Jeshi Jekundu. Mimi sina mfano mwingine wa undugu wa kikosi unaonigusa kama huu.

Waliobaki walitua Le Bourget Juni 1945 wakirusha Yak-3 karibu 40, zawadi ya Urusi. Kikosi kiliendelea, kikavunjwa mwaka 2009, kikafufuliwa mwaka 2012 kwa ndege za Rafale huko Mont-de-Marsan. Hivi ndivyo wanavyofanya: kikosi kinapofungwa, jina na nembo huhifadhiwa, kisha hukabidhiwa watu wapya. Ndani ya kikosi kimoja cha leo mtakuta vikosi vidogo viwili au vitatu, kila kimoja na nembo yake ya Vita Kuu ya Kwanza. Yule Sioux wa mwaka 1916 sasa yuko kwenye Rafale za kikosi cha La Fayette, Saint-Dizier, ambazo kazi yake mojawapo ni kubeba kombora la nyuklia.

Kazi nyingine ni ulinzi wa anga. Usiku na mchana marubani hukaa tayari. Ndege isiyojibu redio ikiingia, wanatakiwa wawe hewani ndani ya dakika 7 mchana, 15 usiku.

Na kuna kazi inayotuhusu sisi Waafrika, nayo tuiseme waziwazi. Ndege za Jaguar za Ufaransa zilipiga wapiganaji wa Polisario nchini Mauritania mwaka 1977. Februari 1986 ziliruka kutoka Bangui zikapiga uwanja wa Ouadi Doum, kaskazini mwa Chad. Januari 2013 Rafale nne ziliondoka Saint-Dizier, zikapiga nchini Mali na kutua N'Djamena baada ya saa 9 na nusu hivi hewani. Kumbukumbu wanazozitunza kwa heshima kubwa zimejaa pia mabomu yaliyoanguka katika bara hili, na mwanahistoria wa Kiafrika ana haki ya kuyahesabu.

Desemba 2024 Mirage za mwisho ziliondoka Chad. Barani Afrika kimebaki kituo chao cha ndege za kivita cha Djibouti, jirani zetu, ambako Wafaransa kwa mkataba hushiriki kulinda anga ya nchi hiyo. Wamekuwa wakirusha Mirage 2000-5, na kikosi chao kinaitwa Corse, jina lililokuwa la kikosi cha Jaguar huko Toul, likafungwa, likafufuliwa kwenye joto la Djibouti.

Kipaza sauti kiko kule nyuma. Karibuni kwa maswali.