Askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail

Ndugu watazamaji, nawasalimu nyote mnaonifuatilia kutoka Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko. Leo nipo Portsmouth, kusini mwa Uingereza, kando ya bahari, mbele ya mnara wa ukumbusho wa wanamaji waliokufa vitani na ambao kaburi lao ni bahari. Mnara wa namna hii upo pia Chatham na Plymouth. Watu wa hapa huja na maua, wakatafuta jina la babu yao katika mabamba haya ya shaba, wakalipitishia kidole herufi kwa herufi. Mimi nimekuja kwa ajili ya meli iliyong'oa nanga katika bandari yetu ya Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944, ikiwa na watu 1,511, na haikufika ilikokuwa inakwenda. Baadhi yao walikuwa wanamaji wa Kiingereza, ambao kumbukumbu zao zimehifadhiwa katika minara hii. Lakini kundi lililokuwa kubwa kuliko yote melini lilikuwa la kwetu, na ndilo ninalotaka tulizungumzie.

Meli hiyo iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya abiria wa Chile, baadaye ikanunuliwa na Wamisri, na Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto Waingereza wakaichukua kubebea wanajeshi. Katika safari hiyo ilikuwa na wanamaji 271, wauguzi zaidi ya 50 pamoja na matroni wao, wanawake wa vikosi vya jeshi, mabaharia, na mwandishi wa habari za vita aliyeitwa Kenneth Gandar-Dower. Huyu alikuwa ameishangaza Uingereza mwaka 1937 alipowaleta duma kutoka Kenya wakimbizwe katika uwanja wa mbio za mbwa wa Romford. Watu 996 waliobaki walikuwa maafisa na askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga, yaani ya East African Artillery, wakielekea Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo tunakiita Sri Lanka, ili kuingia katika vita dhidi ya Wajapani.

Naomba tuwatazame askari hao kwa makini kidogo, kwa sababu wazee wetu wanapotajwa katika vita ile, wengi wetu huwafikiria kama askari wa bunduki tu, au wapagazi. Kwa kweli kabla ya vita King's African Rifles, ambayo bibi na babu zetu waliiita Keya, ilikuwa hasa jeshi la askari wa miguu. Kazi ya mizinga ni nyingine kabisa. Mzinga mkuu wa rejimenti za namna hiyo ulikuwa ule wa ratili 25, ulioitwa hivyo kwa uzito wa kombora lake, na ulihudumiwa na watu sita ambao kila mmoja alikuwa na namba yake. Namba moja alikuwa sajenti mwenye amri, namba mbili alifungua na kufunga kitasa cha mzinga na kulishindilia kombora ndani, namba tatu alikaa kwenye darubini ya kulengea akipima pembe, namba nne alipakia, na wawili wa mwisho walitayarisha makombora na baruti. Mmoja akichelewa, wote wamechelewa. Tafakari basi kijana aliyetoka kuchunga ng'ombe au kulima shamba la baba yake, akajifunza kusoma vipimo vya darubini na kufanya hesabu za masafa, hadi akaaminiwa na mzinga. Ujuzi huo, na miezi yote ya kuupata, ndio uliopakiwa katika meli ile Kilindini.

Meli zilikuwa tano katika msafara mmoja, zikilindwa na manowari kubwa iliyoitwa Hawkins, na baadaye zikajiunga manowari mbili ndogo ziendazo kasi, Petard na Paladin. Tarehe 12 Februari walikuwa kusini mwa visiwa vya Maldivi. Ilikuwa mchana, yapata saa nane na nusu. Katika ukumbi wa abiria kulikuwa na tamasha la muziki, na askari wengi walikuwa katika vyumba vya chini ya sitaha. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikafyatua torpido, yaani makombora yaendayo chini ya maji, na mbili zikaipiga Khedive Ismail. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Katika dakika mbili mtu aliye ghorofa ya chini, ngazi zikiwa zimevunjika na meli imelala ubavu, hawezi kufika juu hata akijua njia. Na hata waliorushwa majini, askari wengi wa rejimenti ile walitoka bara, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya mto wa kijijini.

Kilichofuata ndicho kinachoifanya habari hii iwe nzito hata leo. Meli nyingine nne ziliamriwa zikimbie. Paladin ilibaki ikishusha boti na kuwaokota waliokuwa wakielea, huku Petard ikiisaka nyambizi. Kapteni wa Petard, Rupert Egan, aligundua kwamba nyambizi imejificha chini kabisa ya watu waliokuwa wakiomba kuokolewa. Akiiacha, itaweza kuzifuata meli zile nne zilizojaa watu, au kuizamisha Paladin iliyokuwa imesimama. Akiishambulia, mabomu yanayolipukia chini ya maji yatawaua wale aliokuja kuwaokoa. Akaamuru mabomu yatupwe. Walioshuhudia walisimulia kwamba watu majini walidhani manowari inakuja kuwachukua.

Nyambizi hatimaye iliibuka juu. Paladin ikajaribu kuigonga, ikachanika ubavu wake yenyewe. Makombora ya Petard yakashindwa kuitoboa. Ikabidi irushiwe torpido moja baada ya nyingine, na ile ya saba ndiyo iliyoimaliza. Manowari hiyo ya Petard ndiyo ambayo mwaka 1942, katika bahari ya Mediterania, mabaharia wake wawili walikufa wakitoa vitabu vya siri ndani ya nyambizi ya Kijerumani, vitabu vilivyosaidia kuvunja msimbo wa Enigma, ambao Wajerumani waliutumia kuficha ujumbe wao wa vita. Kwa hiyo Waingereza wanaijua sana, na wana haki ya kuienzi.

Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni watu 1,297. Wanawake zaidi ya 70 waliangamia siku hiyo, na hapa Uingereza husemwa kwamba hakujatokea siku nyingine iliyochukua wanawake wengi hivyo wa majeshi ya Jumuiya ya Madola.

Sasa naomba niseme ninachokiona. Habari hii inaposimuliwa kwa Kiingereza, na husimuliwa kwa heshima, huzunguka mambo mawili: uamuzi mgumu wa Kapteni Egan, na msiba wa wauguzi. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo, wala simhukumu nahodha aliyelazimika kuchagua ndani ya dakika chache jambo ambalo mimi nisingeweza kuchagua kwa mwaka mzima. Wauguzi wale walikuwa watoto wa watu. Lakini askari wa mizinga, ambao walikuwa karibu theluthi mbili ya wote melini, huingia katika masimulizi kama tarakimu na kutoka kama tarakimu. Hatuambiwi walikuwa wakizungumza nini chini ya sitaha, nani alikuwa ametoka likizo ya kuoa, nani alikuwa sajenti wa mzinga gani. Na sababu moja kubwa ni kwamba sisi wenyewe hatujayasimulia. Maneno yao yalikuwa ya Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi lile, hata maafisa Wazungu walitakiwa wakijue.

Hata hivyo askari hawa wana kitu ambacho baba zao hawakukipata. Katika Vita vya Kwanza, wapagazi na askari wa Afrika Mashariki walizikwa porini bila alama, na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Wale wa Khedive Ismail, kinyume chake, wameandikwa. Majina ya watu wa Rejimenti ya 301 yapo katika Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Mtu anayeishi Nairobi anaweza kufika hapo kwa matatu, akasimama mbele yake kama ninavyosimama hapa.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, hasa kwa wenye babu au babu mkubwa aliyeingia jeshini miaka ya 1940 na barua zake zikakoma ghafla mwanzoni mwa 1944. Tume hiyo ina daftari la majina mtandaoni, na kulitazama ni bure. Andikeni jina la ukoo, kisha tarehe 12 Februari 1944, kisha East African Artillery. Msikate tamaa jina lisipotokea mara ya kwanza, kwa sababu makarani waliandika majina yetu kama walivyoyasikia. Jaribuni kubadilisha herufi, wekeni R mahali pa L, ondoeni irabu ya mwisho. Mkilipata, waulizeni wazee waliobaki nyumbani alikuwa mtu wa namna gani, mniandikie chini ya video hii jina lake, kijiji chake na lolote wanalolikumbuka. Katika video ijayo nitayasoma majina mtakayoniletea, kwa sauti, hapa hapa mnarani, Southsea, Portsmouth.