Podikasti ya vitabu kutoka Tabora: Wajibu ni sauti ya nani?

MWAJUMA: Tunarekodi? Haya. Karibuni tena, tuko Tabora, chumba kilekile nyuma ya duka la fundi cherehani, kwa hiyo ukisikia mashine inakereza usidhani ni redio yako. Mwenzangu leo ana jambo la kukiri.

RAMADHANI: Sina la kukiri. Niliandika hadithi fupi, nikamtumia dada Mwajuma aisome. Kanirudishia kurasa sita na neno moja pembeni: "Nani?"

MWAJUMA: Lilitosha. Wasimulie kwanza.

RAMADHANI: Ni binti mteuzi wa tumbaku, Urambo. Siku ya soko anapita kwenye marobota, anachomoa jani, anatazama rangi, anataja gredi. Mchumba wake ni mkulima. Kaleta robota, juu majani ya njano safi, katikati uchafu mtupu, majani yameiva vibaya kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Binti anajua. Na mahari inasubiri hela hiyohiyo. Ampitishe au amkate?

MWAJUMA: Akamkata.

RAMADHANI: Akamkata, uchumba ukavunjika, akalia. Mwisho.

MWAJUMA: Sasa mimi ukurasa wa pili nilishajua. Yule kijana umemfanya tapeli tangu anaingia. Hata viatu umemvalisha vya kitapeli.

RAMADHANI: Viatu vilichongoka mbele tu, jamani!

MWAJUMA: Binti wa watu hajapewa hata dakika moja ya kutaka kweli kumpitisha. Wajibu umekaa kiti cha mbele, moyo umesimamishwa mlangoni kama mdaiwa. Halafu unaniambia kuna mgogoro. Mgogoro uko wapi hapo?

RAMADHANI: Lakini si ndivyo tulivyolelewa na hadithi? Anayefuata moyo yanamkuta. Hata kwenye riwaya ya Rosa Mistika, 1971, mwandishi Kezilahabi hakumhurumia binti. Rosa anafuata starehe, mwisho wake kaburi.

MWAJUMA: Subiri. Nani anamfundisha Rosa wajibu wa binti? Baba yake, Zakaria. Anamchapa kwa sababu ya barua ya mvulana, na yeye mwenyewe ni mlevi, mke nyumbani anakula kipigo. Mtu aliyeutupa wajibu wake ndiye anayemdai mtoto wake. Rosa anakufa, sawa, ila mwandishi ameshakuonyesha mkono ulioshika fimbo. Ndiyo maana kitabu kiliwachoma watu, kikazuiwa mashuleni, na baadaye wanafunzi wakaja kukisoma kwa ajili ya mtihani. Ile "Nani?" yangu ndiyo hiyo. Huyu binti wa Urambo, nani kamwambia ni wajibu wake?

RAMADHANI: Kazi yake! Mteuzi ni mteuzi.

MWAJUMA: Kazi haina mdomo. Ngoja nikupeleke mbali kidogo, halafu nikurudishe hapa Tabora. Mwalimu Nyerere alisoma hapa tangu 1937, na alipomaliza Makerere akarudi kufundisha hapahapa, shule ya misheni ya St. Mary's. Baadaye, nchi iko mikononi mwake, anakaa anatafsiri Shakespeare. Tafsiri ya kwanza 1963, akairekebisha, ikatoka 1969 kama Juliasi Kaizari. Mimi huwa najiuliza, rais mpya anatafuta nini kwenye mchezo wa watu wanaomuua mtawala?

RAMADHANI: Labda alikuwa anakisaidia Kiswahili.

MWAJUMA: Hilo nalo. Lakini mtazame Brutus wa mchezo huo. Anampenda Kaizari, hilo halibishaniwi. Anamuua kwa ajili ya Roma. Ukiishia hapo ni hadithi yako ya tumbaku: wajibu mkubwa, mapenzi madogo. Sasa kumbuka zile barua. Cassius, mwenzake kwenye njama, anaandika barua za uongo, mwandiko tofauti tofauti, zinatupwa dirishani kwa Brutus kana kwamba raia wanamlilia. Yaani sauti ya wajibu imetungwa na mtu mwenye wivu.

RAMADHANI: Kwa hiyo alidanganywa.

MWAJUMA: Alitaka kudanganywa. Alipenda kuwa yule mtu ambaye Roma inamhitaji. Hayo nayo ni mapenzi, Rama, tena makali kuliko ya mwanamke.

RAMADHANI: Hapo sasa nakataa. Ukienda hivyo, kila wajibu ni nafsi imevaa kanzu. Basi hakuna anayemdai mwenzake. Mimi nimekulia kwenye tumbaku, dada. Pembejeo zinakuja kwa mkopo kupitia chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima. Mmoja akishindwa kulipa, deni linawaangukia wanachama wote. Nimeona mzee amelima vizuri, ameuza vizuri, hela yake imekwenda kufidia wengine. Hiyo si barua ya kutupwa dirishani. Huyo ni jirani yako, unamwona kwa macho.

MWAJUMA: ...Haya. Hapo umenishika.

RAMADHANI: Andika tarehe.

MWAJUMA: Ila huyo mzee hayumo kwenye hadithi! Kurasa sita, sijamwona. Mlete. Mkalishe kwenye benchi siku ya soko, na kofia yake. Binti akiinua macho anamwona. Hapo wajibu umepata sura.

RAMADHANI: Huyo namleta. Na upande wa moyo?

MWAJUMA: Upande wa moyo ndiko ulikolala kabisa. Mfikirie Denge wa Vuta n'Kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Yasmin ameacha ndoa ya mzee Raza, ndoa aliyopangiwa, anampenda Denge. Denge naye ameshaoa siasa. Huwezi kusema huyu ana wajibu, yule ana moyo. Kupigana na mkoloni ndiko kunakomchemsha damu. Vyote viwili ni moto.

RAMADHANI: Moto... subiri. Ngoja.

MWAJUMA: Nini?

RAMADHANI: Bani. Tumbaku ikiwa bani moto haulali. Karibu wiki nzima unachochea kuni, usiku na mchana, joto likishuka vibaya majani yanaharibika. Mtu analala palepale na mkeka wake. Sasa, kwa nini majani ya yule kijana yameharibika?

MWAJUMA: Kwa sababu ni tapeli, umeandika mwenyewe.

RAMADHANI: Hapana. Kwa sababu usiku mmoja aliuacha moto. Alikwenda kwa binti.

MWAJUMA: Mama yangu.

RAMADHANI: Na binti ndiye aliyemwita. Kwa hiyo siku ya soko anachomoa lile jani la katikati, anaona rangi, anajua ni usiku gani.

MWAJUMA: Yaani usiku wao wenyewe ndio anaupa gredi! Akimkata...

RAMADHANI: Anamwadhibu kwa jambo walilofanya wawili. Akimpitisha, mnunuzi akija kugundua uchafu, hasara inakiangukia chama, na yule mzee wa kofia ndiye analipia usiku ambao hakuwepo.

MWAJUMA: Na hakuna anayejua isipokuwa wao wawili. Rama, hiyo sasa ndiyo hadithi. Wala usiniambie kafanya nini. Hata wewe usijue kabla hujafika pale.

RAMADHANI: Kurasa nne nzima zinakwenda na maji lakini.

MWAJUMA: Ziende.

RAMADHANI: Na viatu vya mchongoko?

MWAJUMA: Mvue. Aje sokoni na ndala.