Mkojo wa ng'ombe unaoishia mfongoni

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja na tope lote hili.

Nimeitwa kuzungumza juu ya samadi, lakini nitaanza na mkojo, kwa sababu mavi tunayathamini, mkojo tunauacha ujiendee. Leo asubuhi nimepita kwenye banda moja la ng'ombe wawili. Sakafu ya saruji imefagiliwa, inapendeza. Nyuma ya ukuta kuna kitundu, na kutoka pale kimchirizi cha rangi ya chai ya mkandaa kinashuka kati ya migomba, kinapita chini ya ua wa masale, kinaingia mfongoni, mfereji wetu wa maji. Hatua chache chini yake mtoto alikuwa anachota maji kwa ndoo.

Ndani ya mkojo ule kuna yurea, mbolea ile ile mnayonunua dukani. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho cha mimea. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa vizuri hutoa zaidi ya lita 10 za mkojo kwa siku, na kila lita huwa na gramu 5 hadi 10 za naitrojeni. Pigeni hesabu ya mwaka: ni karibu mfuko mzima, kwa ng'ombe mmoja! Na potasiamu, ambayo mgomba unaihitaji mno, nayo kwa sehemu kubwa imo kwenye mkojo. Fosforasi ndiyo inayobaki kwenye mavi.

Mkojo ukikutana na mavi, yurea huvunjika ikawa gesi ya amonia. Ile harufu inayochoma macho ukiingia bandani alfajiri ni mbolea yako inapaa. Inayobaki kwenye lundo lisilofunikwa, mvua huiteremsha. Na maji yetu hayaishii hapa. Yanaingia mitoni, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu, kule tambarare. Naitrojeni na fosforasi zikizidi majini, mwani hustawi; mwani ukifa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni yote, na perege hukosa pumzi. Hata mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji yenye naitreti nyingi, yaani naitrojeni iliyogeuka na kuyeyuka majini, damu yake hushindwa kubeba oksijeni sawasawa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa.

Kwa hiyo, matandiko. Majani makavu ya migomba, maranda, mabua aliyoyakataa ng'ombe: tandikeni mpaka yanywe mkojo wote. Lundo likae mbali na mfongo, liezekwe, hata kwa majani ya migomba. Chomekeni kijiti kirefu mpaka katikati. Baada ya siku kadhaa kichomoeni, mkishike. Kikiwa cha moto hata mkono unataka kukiachia, lundo linaiva. Kikitoka kikavu, nyunyizeni maji. Kikiteleza na kunuka, halina hewa, ligeuzeni. Na masika ikiwa imekolea msitandaze samadi juu ya ardhi, ifukieni.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Mabua tunayatoa tambarare, kwenye mashamba ya mahindi, tunayapandisha kwa gari mpaka kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Ng'ombe anakula, samadi inabaki huku huku. Migomba iliyo karibu na banda inamwagiwa mwaka hata mwaka, mpaka udongo unashiba na ziada inakwenda na maji. Kule chini shamba la mahindi linazidi kuchoka. Rutuba tunaipandisha mlimani, hatuirudishi.

Najua mtaniambia samadi ni nzito na gari ni ghali. Ni kweli, samadi mbichi ni mzigo. Iliyoiva imepungua uzito na ujazo, inaingia kwenye magunia. Na gari la kufuata mabua huteremka tupu! Wenye magari naomba msiondoke. Tukimaliza maswali tukae pale chini ya mti, tuandikiane nani anateremka lini na atabeba magunia ya nani.