Turbo, Boneti na Namba ya EO: Mhadhara kwa Wenye Magari California

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeona WRX tatu, yale magari ya Subaru yenye turbo, zimeegeshwa hapo nje, kwa hiyo najua nazungumza na akina nani.

Nianze na jambo linalowashangaza wengi. Ukipeleka gari la petroli la mwaka 2000 na kuendelea kwenye ukaguzi wa moshi hapa California, fundi hachomeki kipimo kwenye eksozi. Anachomeka waya chini ya usukani, anasoma kompyuta, kisha anafungua boneti na kukagua kwa macho. Yanayopandishwa kwenye rola na kupimwa hewa kwa mwendo wa kilomita 24 na 40 kwa saa ni magari ya 1976 hadi 1999, tena katika maeneo yenye hewa mbaya zaidi. Kwa hiyo ule utetezi wa “gari langu ni safi, lipimeni” hauna wa kuusikiliza. Mkaguzi anatafuta kibali.

Kibali hicho hutolewa na CARB, bodi ya hewa ya jimbo. Kifaa kilichokubaliwa hupewa namba ya EO (Executive Order, yaani namba ya kibali) na stika ya kubandika ndani ya boneti. Turbo kubwa (pampu inayosukuma hewa kwenye injini), bomba la kuvutia hewa, bomba linalotoka kwenye turbo ambamo ndimo yalimo masega, yaani kile kichujio kinachosafisha moshi: kila kimoja kiwe na namba yake, na namba hiyo itaje injini yako na mwaka wa gari lako. Stika huchakaa, kwa hiyo ipigeni picha mapema. Kuanzia nyuma ya masega hadi mdomo wa eksozi mna uhuru; huko ugomvi ni wa kelele, si wa hewa.

Sasa ile valvu ya “pshhh”, inayoachia hewa ya turbo. Najua mnaipenda, hata mimi niliipenda. Kwenye WRX, sensa inahesabu hewa kabla haijaingia kwenye turbo, na kompyuta inapima petroli kwa hesabu hiyo. Ukiachia kanyagio, valvu ya kiwandani huirudisha hewa hiyo kwenye mdomo wa turbo, mahali palipo baada ya sensa. Hiyo yako ya “pshhh” inaimwaga nje. Hewa imeondoka, petroli yake imebaki. Injini inalishwa kupita kiasi kwa muda mfupi, na mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia ndani ya masega. Mnanunua sauti kwa bei ya masega.

Kompyuta ndiyo imewanasa wengi. Tangu tarehe 19 Julai 2021, ukaguzi unalinganisha programu ya injini na ile ya kiwandani au yenye EO. Ukiwa umebadilisha programu bila kibali, gari linaanguka hata kama taa ya injini haijawaka. Dawa ni kurudisha programu ya kiwandani, na hapo vifaa navyo virudi, maana programu hiyo haitaijua turbo yako mpya.

Tena msifute makosa, yaani hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, usiku wa kuamkia ukaguzi! Ukifuta, majaribio ya ndani ya kompyuta yanaanza upya, na kwa magari ya petroli ya 2000 na kuendelea linaloruhusiwa kutokamilika ni moja tu, la mvuke wa tangi. Kuna pia makosa ya kudumu yasiyofutika kwa mashine, yanayohesabiwa tangu 2019. Hayo husamehewa ukishaendesha maili 200 na injini kupata moto mara 15 tangu kufuta. Wiki mbili za kwenda kazini, barabara kuu na foleni, zinafanya kazi kuliko ujanja wowote.

Mwenye injini ya kupandikiza, iliyotoka gari lingine, wewe unakwenda kwa refa wa jimbo, mkaguzi wa magari yenye mambo maalumu. Injini iwe ya mwaka wa gari au mpya zaidi, na ije na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi.

Haya, mwenye ile WRX ya buluu karibu na mlango, njoo na ufunguo. Tufungue boneti tusome stika zako.