Kuvimba na Kubanwa: Alichotufundisha Panya Kuhusu Pumu

Mwangaluka, wazee wangu. Vijana wa uuguzi mliosimama mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Panya hana pumu. Mfungie kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kule Urambo moshi ukifuka, au mwache kwenye vumbi la Agosti hapa Tabora mjini. Atateseka, lakini pumu kama ya binti yako hataipata. Paka huugua pumu yenyewe. Farasi naye ana yake inayofanana nayo, huletwa na vumbi la nyasi kavu zenye ukungu. Panya ni lazima atengenezewe.

Maabara hufanya hivi. Panya mweupe huchomwa sindano tumboni yenye ovalbumini, protini ya ute mweupe wa yai, ikiwa imechanganywa na chumvi ya aluminiamu ili kuichokoza kinga ya mwili. Baada ya wiki moja au mbili anachomwa tena. Halafu anaingizwa kwenye kisanduku na kupuliziwa ute uleule kama mvuke, siku kadhaa mfululizo. Ukiyasuuza mapafu yake kwa maji ya chumvi, ukayatia rangi na kuyatazama kwa hadubini, utakuta eosinofili zimejaa, seli nyeupe za damu zenye chembechembe nyekundu, ilhali kwa panya mzima unaweza kutafuta mpaka macho yaume. Kuta za njia za hewa zimevimba, kamasi limezidi. Siku hizi maabara nyingi hutumia utitiri wa vumbi la nyumbani, wale wadudu wa magodoroni, na naona ni sawa. Nani hapa alipata pumu kwa kuvuta yai?

Huko ni kuvimba. Kubanwa kunapimwa kivyake. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, akawekewa mrija kooni, mashine ikampumulia huku akipewa methakolini, dawa inayokaza misuli ya njia za hewa, kidogo kidogo. Yule aliyevimba hubanwa kwa dozi ambayo mwenzake mzima haimtikisi.

Basi watu wakaamini kwamba ukiondoa uvimbe, kubanwa kutaondoka nako. Mwaka 1996 watafiti walitumia panya wasio na interleukini-5, kemikali inayoziita eosinofili. Eosinofili hazikujaa, na kubanwa hakukutokea. Kila mtu akafurahi! Mwaka 2000 yakatoka majibu ya jaribio la dawa ya kingamwili dhidi ya kemikali hiyo kwa binadamu wenye pumu ndogo. Eosinofili zilishuka kwenye damu na makohozi, lakini kifua kiliendelea kubana vilevile.

Wengine walisema panya katudanganya. Mimi naona tulimuuliza swali moja tukadhani ametujibu mawili. Dawa za aina hiyo hazikutupwa. Mwaka 2009 zilijaribiwa kwa wagonjwa wa pumu kali wenye eosinofili nyingi, mashambulizi yakapungua, na mwaka 2015 mojawapo, mepolizumabu, ikaidhinishwa Marekani.

Kwa upande wa kubanwa, simbilisi ametufaa kuliko panya, maana misuli ya njia zake za hewa ina nguvu. Kwenye mapafu yake ndiko kulikoonekana, kabla ya 1940 kwisha, kitu kinachobana polepole na kwa muda mrefu. Mwaka 1979 Bengt Samuelsson na wenzake wakakitambua kuwa ni lukotraini. Montelukasti mnayoiona famasi huzuia hizo.

Sasa ile pampu ya bluu, salbutamoli. Inalegeza misuli ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita imekwisha. Uvimbe haiugusi. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, hauwashauri watu wazima na vijana balehe kutumia pampu hiyo peke yake. Wanatakiwa wapate na steroidi ya kuvuta, dawa inayopunguza uvimbe.

Swali? Ndiyo, mama mwenye khanga ya kijani. Anauliza, mtoto akimaliza wiki mbili hajabanwa, kwa nini aendelee kuvuta steroidi?

Kwa sababu kutobanwa hakuonyeshi kwamba uvimbe umeisha, mama. Steroidi yenyewe huchukua siku hadi wiki kufanya kazi vizuri, na ukiikatisha uvimbe unarudi kabla kifua hakijaanza kulia. Mrudishe kliniki, wampime, wao ndio waipunguze. Na kipindi cha kukausha tumbaku, asilale karibu na bani.