Take Si Chukua

Mabibi na mabwana, wazee wangu mlioketi mbele, asalaam aleikum. Mlionisikia zamani mnajua pa kuanzia: chukua.

Chukua, kwa asili yake, ni kubeba. Ndiyo maana abebaye magunia Marikiti ni mchukuzi, na mambo ya barabara na bandari ni uchukuzi. Kutia mkononi ni kutwaa. Muuza mahamri wa hapa Mvita hukwambia, "Twaa chenji yako." Chenji haibebwi begani! Lakini likija neno take la Kiingereza, maskini chukua tunalitwika magunia yote.

Tazama karatasi za dawa. Mfasiri anaandika: "Chukua tembe 2 mara 3 kwa siku." Mzee akizichukua zote 6 akazitia mfukoni, ametii au hakutii? Tembe humezwa, dawa ya maji hunywewa, ya pumu huvutwa. Mwingereza ana take moja kwa zote tatu. Sisi hutazama dawa inaingiaje mwilini. Hapa si suala la ufasaha tu, ni suala la mgonjwa kupona.

Basi ukikutana nalo, usiulize "take ni nini kwa Kiswahili?" Uliza linashika nini. Picha hupigwa, mtihani hufanywa, feri ya Likoni hupandwa, ushauri hufuatwa. Halafu uliza kama kuna mahali pa kufika: mtoto na shule, hapo ni peleka. Mwisho ndipo utazame kale kaneno kanakofuata nyuma, kama off katika take off, maana ndiko kanakopindua kila kitu.

Mtaniambia "kuchukua muda" kumezoeleka, hata redioni. Kumezoeleka, ndiyo. Lakini Nairobi kwa basi ni mwendo wa saa nane; hapo chukua angefanya kazi gani?

Kichekesho ni kwamba take lenyewe ni mgeni kwao. Waingereza wa kale walisema niman, ndugu wa nehmen ya Wajerumani. Taka, naam, ndivyo lilivyotamkwa, msicheke, lilikuja na watu wa Skandinavia. Jeshi lao kubwa lilitua Uingereza mwaka 865, na mwaka 1016 Cnut wa kwao akatawala. Mwisho wa karne ya 11 neno limo katika maandishi ya Kiingereza, na polepole likamsukuma niman hadi akafa. Kaacha masalia: numb, kiungo kilichokufa ganzi, ni "kilichotwaliwa". Na took ni tók ya wageni hao hao.

Hapo kuna atakayedakia: kama wao walikopa, sisi tuna kosa gani? Wao walikopa neno, wakalitumia neno. Nasi tulipokopa shati tulilikopa na kola yake. Huku kwa chukua tunakopa maana ya mwenzetu, kisha tunaivika kanzu yetu ili isijulikane.

Naona naonyeshwa saa, na off sijaigusa. Mbio mbio: ndege hupaa, viatu huvuliwa. Take place ni kufanyika. Mkutano "hauchukui nafasi", achukuaye nafasi ni mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Take over, take in, take after, zote hizo zingoje siku nyingine.

Haya, mwanangu, twaa kipaza sauti chako.