Kwa Nini Nimepunguza Oda za Ngao

Asanteni. Mwalimu wenu amenitambulisha kama fundi, nami nimelipenda jina hilo kuliko "msanii". Ninachora ngao, yaani nembo za utambulisho: za maaskofu, za shule, za familia. Kuanzia mwezi ujao nitapokea oda nne tu za watu binafsi kwa mwaka. Wengine wamenipigia simu kuuliza kama naumwa. Siumwi. Macho yamechoka kidogo, lakini hicho si kisa.

Tuanze na kazi yenyewe. Huko Ulaya katika karne ya 12, mpiganaji aliyejifunika chuma hadi usoni hakujulikana ni nani, kwa hiyo ikabidi ngao yake imtambulishe. Wamaasai walikuwa na lao: alama walizochora kwenye ngao za ngozi ya nyati, ziitwazo sirata, zilionyesha morani ni wa upande gani na wa rika gani. Itazameni nembo ya Kenya. Ile ngao iliyoshikwa na simba wawili, yenye jogoo na shoka, ina umbo la kwetu kabisa. Mpangilio wa vyote vilivyoizunguka ndio uliotoka Uingereza.

Kanuni inayowatesa wanafunzi ni ya rangi. Dhahabu na fedha huitwa metali, na njano na nyeupe husimama badala yake. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ndizo rangi. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Aliyewahi kujaribu kusoma maandishi mekundu kwenye matatu nyeusi inayopita kasi anajua sababu. Sasa tazameni bendera yetu: nyeusi, nyekundu, kijani, na kati yake mistari miwili myembamba myeupe. Shuleni tulifundishwa kwamba nyeupe ni amani. Ni kweli, na hata machoni inaamua ugomvi wa rangi tatu.

Jambo jingine: ngao halisi ni maneno. Kinachosajiliwa ni maelezo, kwa mfano "simba wa dhahabu, amesimama kwa miguu ya nyuma, juu ya nyekundu". Kila mchoraji atamchora simba wake. Wateja hili haliwaingii. Mtu huja na picha kwenye simu, anataka unyoya kwa unyoya.

Na huyo ndiye mteja aliyenichosha. Anakuja na "ngao ya ukoo" aliyoinunua mtandaoni kwa sababu jina lake la mwisho ni la Kizungu, la mmishenari aliyembatiza babu yake. Kwa desturi ya Uingereza, ambako jopo la London limekuwa likitoa ngao tangu 1484, ngao ni mali ya mtu na uzao wake. Jina la ukoo halina ngao. Hapa Kenya pia tuna sheria ya mwaka 1968 ya kutoa na kusajili ngao, na shughuli hiyo iko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Nikimweleza mteja hayo, ananiuliza, "Fundi, kwani taji utaniongezea kwa bei gani?" Nimechora taji tatu za watu ambao mababu zao hawakutawala hata zizi. Pesa nilipokea.

Lakini kilichonisimamisha ni kofia. Ngao ya askofu Mkatoliki haina taji. Juu yake kuna kofia pana ya kijani yenye vishada vinavyoning'inia, sita kila upande: kimoja, viwili, vitatu. Askofu mkuu ana kumi. Kardinali ana 15, navyo ni vyekundu, kama alivyostahili Laurean Rugambwa wa Tanganyika alipofanywa kardinali mwaka 1960. Basi padri mmoja aliteuliwa kuwa askofu, nikapewa majuma machache kabla ya kuwekwa wakfu. Mezani nilikuwa na oda kumi na moja nyingine, mbili za harusi. Saa nane za usiku nikachora safu ya vishada, nikaona nafasi imebaki, nikaongeza safu moja. Kumi kila upande. Nilimpandisha cheo bila Roma kujua! Aliyeona kosa ni katekista mzee, na vitabu vya misa vilikuwa vimeshachapwa. Askofu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kuhesabu hadi sita ndiyo kazi yangu.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la oda, nikaanza kupiga simu. Advansi nilizokuwa sijazifanyia kazi nikazirudisha. Mama mmoja alinikasirikia, akasema nimevimba kichwa. Labda. Ila dhahabu haikubali haraka, na hilo nataka mlione kwa macho yenu badala ya kunisikiliza tu.

Hiki ni kipande cha ngozi ya ndama. Hapa penye jicho la jogoo nimepaka tabaka kadhaa za chokaa laini iliyochanganywa na gundi na sukari kidogo, nikaacha ikauke usiku kucha. Pameinuka kama chunusi, pagusheni polepole. Huu mrija wa karatasi ni wa kupuliza pumzi: unyevu wa mdomo wako ndio unaoamsha gundi, na una sekunde chache tu za kulaza karatasi nyembamba ya dhahabu. Nairobi mwezi wa Januari, hewa ikiwa kavu, nimewahi kupuliza jicho moja asubuhi nzima likakataa. Ikishika, unaisugua kwa jiwe la akiki, mwanzoni kwa upole wa kumfuta mtoto machozi, kisha kwa nguvu, mpaka uone dirisha ndani yake.

Vijana wawili watakaonifuata karakana kila Jumamosi watajifunza hili kwanza, na vishada baadaye. Sogezeni viti. Na wewe uliye karibu na swichi, mwanangu, zima hiyo feni, maana karatasi hii ya dhahabu ikiruka tutaitafuta kwenye nywele za mwalimu.